Uzi wa Kioo na Kilima cha Lubumbashi

Mwezi Oktoba 1924 mgodi wa Kipushi ulikuwa bado mchanga. Miaka mia moja baadaye, mwezi Oktoba 2024, shehena ya kwanza ya makinikia ya gerimani iliondoka katika mji jirani wa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikielekea Ubelgiji. Habari hiyo haikupata nafasi kubwa katika nchi za jirani. Shaba ya Katanga inajulikana, na kobalti nayo sasa inatajwa kila siku. Lakini gerimani ni jina geni masikioni mwa wengi, na si ajabu kwamba habari yake ilipita kama upepo.

Hata hivyo yafaa ieleweke kwamba madini hayo yamo katika nyuzi nyingi za kioo zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zikibeba simu na barua za wakazi wa Mombasa na Dar es Salaam. Isitoshe, wataalamu wa nchi kadhaa wamekuwa wakitengeneza uzi wa aina mpya, ambao ndani yake hamna chembe tu za gerimani zilizochanganywa na kioo, bali kiini kizima cha gerimani au cha silikoni. Kwa nini wanajisumbua hivyo, wamefika wapi, na jambo hilo lina maana gani kwa nchi iliyo na gerimani ardhini mwake? Hayo ndiyo ya kueleza leo.

Kwanza hapana budi kufahamu uzi wa kioo ni kitu gani. Unene wake wote ni kama sehemu moja ya nane ya milimita, yaani karibu sawa na unywele. Ndani yake katikati mna kiini chembamba zaidi, ambacho katika nyuzi za masafa marefu hakizidi sana sehemu tisa kati ya elfu moja za milimita kwa upana. Kiini hicho nacho ni kioo, ila kimetiwa gerimani kidogo ili nuru iende polepole zaidi ndani yake kuliko katika kioo kinachokizunguka. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoifunga nuru isitoke nje. Kila inapojaribu kupenya ubavuni inarudishwa ndani, na hivyo husafiri hadi mwisho wa uzi hata kama uzi umepinda.

Aliyeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana kwa mawasiliano ya simu ni Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Harlow, Uingereza. Mwaka 1966, pamoja na mwenzake George Hockham, alitangaza kwamba kioo chenyewe hakina kosa, bali uchafu uliomo ndani ya kioo ndio unaokula nuru. Kioo kikisafishwa vya kutosha, alisema, nuru itafika mbali. Wengi hawakusadiki. Lakini mwaka 1970 wataalamu watatu wa kampuni ya Corning huko Marekani, yaani Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walipata uzi uliotimiza sharti la Kao. Uzi huo wa kwanza ulikuwa na titani katika kiini chake. Mnamo 1972 waliiacha titani wakatumia gerimani, na kazi ikawa nzuri mara nyingi zaidi. Tangu hapo gerimani haijaondoka katika viini vya nyuzi za kawaida za masafa marefu. Kao alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2009, akafariki dunia mwaka 2018.

Mwaka huohuo wa 2009 waya za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya eneo hili na nchi za mbali yalitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kobe.

Sasa tuingie katika uzi wa aina ya pili. Nuru ikishafika mwisho wa safari haiwezi kusomwa na simu wala na kompyuta ikiwa nuru. Lazima igeuzwe iwe umeme, na kazi hiyo hufanywa na vitu viitwavyo nusu-vipitishi. Shaba hupitisha umeme wakati wote, na kioo hakipitishi kabisa. Nusu-kipitishi husimama katikati, hupitisha au hukataa kwa kadiri kinavyoandaliwa na kwa kadiri kinavyomulikwa. Silikoni na gerimani ni za jamii hiyo. Transista ya kwanza duniani, iliyoundwa katika maabara za Bell huko Marekani mwezi Desemba 1947, ilikuwa ya gerimani, na redio nyingi ndogo za mkononi za miaka ya 1950 na 1960 zilifanya kazi kwa gerimani kabla silikoni haijashika nafasi yake.

Tatizo liko pale kioo na nusu-kipitishi vinapokutana. Uzi ni mviringo na mwembamba, kijipande cha silikoni ni bapa. Kuviunganisha ili nuru ipite bila kumwagika ni kazi ya uangalifu na gharama. Mfano wake ni mzigo unaofika kivukoni: barabara ni nzuri pande zote mbili, lakini pale ng'amboni lazima mzigo ushushwe, ubebwe na upakiwe tena, na hapo ndipo muda na mali hupotea. Basi wataalamu wakajiuliza: kwa nini nusu-kipitishi kisiwekwe ndani ya uzi wenyewe?

Jibu la kwanza lilitoka mwaka 2006. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakiongozwa na Pier Sazio, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakiongozwa na John Badding, walichukua nyuzi za kioo zenye matundu membamba yanayopita tangu mwanzo hadi mwisho. Ndani ya matundu hayo walisukuma gesi yenye silikoni au gerimani kwa kani kubwa mno, yapata mara elfu moja ya kani ya hewa tuivutayo, huku wakiupasha uzi moto. Gesi ikavunjika, na gerimani au silikoni ikaganda katika kuta za tundu, tabaka juu ya tabaka, mpaka tundu likajaa. Njia hiyo ni ya polepole na uzi unaopatikana ni mfupi, lakini mtengenezaji aweza kupanga tabaka apendavyo. Mwaka 2012 kundi hilo lilionyesha vifaa vilivyojengwa ndani ya uzi wenyewe, vyenye uwezo wa kugeuza nuru kuwa umeme kwa kasi ya mabilioni ya mapigo kwa sekunde moja.

Njia ya pili ni rahisi zaidi kuielewa, na pengine ndiyo itakayoleta viwanda. Mwaka 2008 kundi la John Ballato katika Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, lilitia mche wa silikoni ndani ya bomba nene la kioo, likaliingiza bomba hilo katika tanuru na kulivuta. Mtu aliyewahi kuvuta ulimbo kati ya vidole vyake anajua kwamba tonge likipashwa moto hutoa uzi mrefu mwembamba. Kioo hufanya vivyo hivyo. Siri ni kwamba kioo safi hulainika katika joto la karibu digrii 2,000 za Sentigredi, ambapo silikoni huyeyuka katika digrii 1,414. Kwa hiyo wakati kioo kinapokuwa laini kama ulimbo, silikoni iliyomo ndani imekwisha kuwa maji. Kioo kinapovutwa, maji hayo hufuata ndani yake na kuganda pamoja nacho. Mwaka 2009 kundi hilohilo lilifanya vivyo hivyo kwa gerimani, ambayo huyeyuka katika digrii 938 tu, na ambayo kwa hiyo yaweza kuvutwa katika kioo cha kawaida zaidi, kisichohitaji tanuru kali hivyo.

Yakielezwa hivi mambo huonekana mepesi, lakini hayakuwa mepesi hata kidogo. Silikoni na gerimani zina tabia ya maji: zikiganda huvimba. Kila aliyesahau chupa ya maji katika jokofu la barafu anajua matokeo yake. Kiini kinachovimba ndani ya kioo ambacho kimekwisha kukakamaa huweza kukipasua, au kikabaki na mkazo ndani kwa ndani. Tena silikoni iliyoyeyuka ni kali. Hula kuta za kioo na kunyonya oksijeni iliyomo, na oksijeni hiyo huharibu kiini. Wataalamu wa chuo kikuu cha Trondheim, Norwe, wakiwa na Ursula Gibson, walipata dawa ambayo mkazi yeyote wa pwani yetu angeitambua: walipaka ndani ya bomba utando wa oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa ya moto, ili utenganishe silikoni na kioo. Mwaka 2016 waliendelea mbele, wakaupitisha mwali wa leza juu ya nyuzi zenye kiini cha silikoni iliyochanganywa na gerimani, ili kiini kiyeyuke kidogo na kuganda upya kwa mpangilio ulio bora.

Mpangilio huo ni jambo kubwa. Ndani ya kiini kilichoganda ovyo mna vipande vingi vilivyoelekea huku na huku, na kila mpaka kati ya kipande na kipande hutawanya nuru na kuzuia umeme. Kiini chema ni kile ambacho atomu zake zote zimepangwa mstari mmoja kama askari gwarideni.

Je, nyuzi hizo zitachukua nafasi ya zile zilizo baharini? Hapana, na anayesema hivyo anawadanganya watu. Katika uzi wa kawaida nuru husafiri yapata kilomita 15 kabla ya kupungua nusu. Katika uzi wa silikoni wa mwaka 2008, nuru ilipungua kwa zaidi ya nusu kabla ya kumaliza mita moja. Baada ya hapo hali imekuwa bora, lakini safari za bara hata bara si kazi yake. Kazi yake ni nyingine.

Kazi ya kwanza ni mwanga usioonekana kwa macho, ule tunaouhisi kama joto la jiko tukikaa mbali nalo. Kioo cha kawaida kinaumeza mwanga huo. Gerimani, ambayo kwa jicho la mtu ni jiwe la kijivu lisilopenya chochote, huuachia mwanga huo upite kana kwamba ni dirisha. Ndiyo maana lenzi za kamera za kuonea gizani hutengenezwa kwa gerimani. Madaktari wa upasuaji hutumia leza ya gesi ya kaboni dioksidi, ambayo mwanga wake haupiti katika uzi wa kawaida, na kwa miaka mingi imewabidi kuuelekeza kwa mikono ya vyuma yenye vioo vya kuakisi katika viungo vyake. Uzi unaopinda wenye kiini kinachopitisha mwanga huo ungemwezesha daktari kufika pembe za mwili ambazo mkono wa chuma haufiki. Gesi nyingi za sumu nazo hutambulikana kwa namna zinavyomeza mwanga huohuo. Mwaka 2011 kundi la Badding lilitangaza uzi wenye kiini cha zinki iliyoungana na seleni, uliokusudiwa kazi za namna hiyo. Na zinki, kama itakavyoonekana, ni jambo jingine linaloturudisha Kipushi.

Kazi ya pili ni nguo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kiteknolojia cha Nanyang, Singapore, walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyochunguza mkazo unaopasua viini, wakachagua aina za kioo zinazopatana na silikoni na gerimani katika kutanuka na kusinyaa, wakavuta nyuzi ndefu zisizo na nyufa. Kisha wakalitoa ganda la kioo kwa asidi na kukivika kiini plastiki na waya za chuma, hata kikaweza kufumwa pamoja na pamba. Miongoni mwa vitu walivyoonyesha ni kofia inayopokea ishara za nuru na kumsaidia asiyeona kuvuka barabara, kwa kumpa taarifa kupitia simu yake. Ni mfano wa maabara, si bidhaa ya dukani. Lakini ni mfano unaogusa haja ya kweli.

Ama kuhusu viini vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote, hapo kuna jambo ambalo husahauliwa. Mwaka 1911 huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wasaidizi wake waligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi digrii 269 chini ya sifuri hupoteza ukinzani wote mara moja. Zebaki ni majimaji. Haivutwi kuwa waya. Kwa hiyo waliitia ndani ya mirija myembamba ya kioo na kuigandisha humo. Uzi wa kioo wenye kiini cha namna hiyo si ndoto ya leo basi. Ndimo jambo hilo lilimoonekana kwa mara ya kwanza duniani. Lakini hitaji la baridi kali limeufanya ubaki katika maabara, na hauna haja ya kutukawiza.

Turudi Kongo. Kipushi ni mji mdogo mpakani mwa Zambia, yapata kilomita 30 kutoka Lubumbashi. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilichimba huko shaba na zinki tangu miaka ya 1920, na katika mawe ya mgodi huo kulipatikana madini yenye gerimani ambayo mwaka 1948 yalipewa jina la renieriti. Katika miaka ya 1950 na 1960, dunia ilipokuwa ikizililia transista, Kipushi ilikuwa mojawapo ya vyanzo vikubwa vya gerimani pamoja na Tsumeb katika nchi ambayo leo ni Namibia. Msikilizaji wa miaka ile, aliyeshika redio yake ndogo kijijini, hakuwa na njia ya kujua kwamba kilichomo ndani ya redio hiyo huenda kilitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1967 serikali ya Kongo iliitwaa mali ya Union Minière, na kampuni ya taifa, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ikaundwa. Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993. Ulifunguliwa upya mwaka 2024 kwa ubia wa Gécamines na kampuni ya Ivanhoe ya Kanada, na zinki yake ni miongoni mwa iliyo nono kupita zote duniani: yapata theluthi moja ya mawe yanayolishwa kiwandani ni zinki.

Lakini shehena iliyotajwa mwanzoni haikutoka chini ya ardhi. Ilitoka katika kilima cheusi ambacho kila mgeni wa Lubumbashi hukiona kando ya bomba refu la moshi, na ambacho ni kama nembo ya mji huo. Si kilima cha Mungu. Ni takataka za tanuru la shaba lililowashwa mwaka 1911. Kwa lugha ya wahunzi wa zamani, ni mavi ya shaba. Yapata tani milioni 14 zilitupwa hapo kwa miaka mingi, na pamoja nazo zikatupwa kobalti, zinki na gerimani ambazo tanuru halikuzitaka. Kampuni ya STL, iliyo chini ya Gécamines, ndiyo inayokichimba sasa. Mwezi Mei 2024 ilipatana na kampuni ya Umicore ya Ubelgiji iisaidie kwa utaalamu na kuinunua gerimani hiyo. Gécamines imesema kiwanda chake chaweza kufika hata kutoa asilimia 30 ya gerimani itumikayo duniani.

Umicore ni nani? Hadi mwaka 2001 iliitwa Union Minière. Kampuni iliyolitupa jiwe mwanzoni mwa karne iliyopita, warithi wake wamerudi kulinunua. Hakuna haja ya kukasirika, maana bei safari hii inapangwa na pande mbili, na kilima ni mali ya Wakongo. Lakini hakuna haja pia ya kujifanya kwamba historia hiyo haipo.

Haraka ya wanunuzi ina sababu yake. China ndiyo mtoaji mkubwa wa gerimani duniani. Tarehe 1 Agosti 2023 iliweka masharti juu ya uuzaji wa madini hayo nje, na mwezi Desemba 2024 ikapiga marufuku yasiuzwe Marekani. Marufuku hiyo ilisimamishwa kwa muda mwezi Novemba 2025, lakini wenye viwanda wamekwisha kutishika na wanatafuta mlango mwingine. Mlango mmojawapo ni Lubumbashi.

Hapa ndipo penye swali lililo zito. Makinikia yanayoondoka Kongo yanakwenda kusafishwa Ulaya. Huko gerimani hugeuka kuwa lenzi, seli za jua za setilaiti na unga safi wa kutia katika viini vya nyuzi. Nyuzi huvutwa katika viwanda vya Amerika, Ulaya na Asia, hufungwa katika waya, na hurudi katika pwani yetu zikiwa zimekodiwa au zimenunuliwa kwa fedha za kigeni. Tarehe 12 Mei 2024 waya za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja baharini kusini mwa Msumbiji, na kwa siku kadhaa mabenki, ofisi na wafanyabiashara wa Tanzania na nchi za jirani walihangaika kwa kukosa mawasiliano. Siku hizo zilionyesha jinsi uzi huo ulivyogeuka kuwa kitu cha lazima kama maji na barabara.

Kuvuta nyuzi za mawasiliano kunahitaji mtaji mkubwa na soko kubwa, na nchi moja ya eneo hili peke yake ingepata hasara. Lakini nyuzi zenye kiini cha nusu-kipitishi ni habari nyingine. Hazihitaji maelfu ya kilomita. Mita chache ni mzigo wa kutosha kwa kifaa cha hospitali au cha kupima gesi mgodini. Mnara wa kuzivutia huwekwa katika maabara ya chuo kikuu, na vyuo vilivyotajwa hapa, vya Clemson, Trondheim na Singapore, vilianza na vikundi vya watu wachache. Isitoshe, elimu bado haijafungwa. Mengi yanayohusu mkazo, oksijeni na mpangilio wa atomu yangali yakitafutwa.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho kina historia ndefu ya kufundisha madini, kiko mwendo mfupi kutoka kilima hicho. Patano la STL na Umicore linataja utaalamu wa kusafisha gerimani, na kwa sasa gerimani hiyo huondoka Kongo ikiwa makinikia. Ni kiasi gani cha usafishaji kitafanyika Lubumbashi kwenyewe, na katika mwaka gani, ndilo jambo ambalo wajumbe wa Kongo watapaswa kulidai kwa tarehe na kwa tarakimu kila watakapoketi na wanunuzi wao.